Tantine Hortense Anakataa Tena

Tulimwacha Papa Godefroid mkono wake ukiwa kwenye kitasa cha mlango wa studio, koti la misa likimbana kwapani, maneno makali yakimjaa kinywani. Wiki nzima mmetuandikia mkipiga kelele: afungue basi! Haya, ameshafungua.

Sauti ya kwanza iliyompokea ni ile anayoichukia kuliko sauti zote za Lubumbashi.

“Ule kijana hataoa mutoto yetu! Ata aniletee mwezi kwa sahani, mi nakatala!”

Sauti kavu, ya puani. Sauti ya Tantine Hortense wa *Leo ao Kesho*, ule mchezo wa redio ambao kila samedi, siku ya Jumamosi, hunyamazisha mji kuanzia Kamalondo hadi Ruashi. Miaka nenda miaka rudi Tantine Hortense, shangazi wa msichana, amezuia ndoa ya Mwansa na Virginie. Mara kijana hana kazi. Mara ana kazi lakini hana adabu. Mara ana kazi na adabu, ila tantine ameota ndoto mbaya.

Papa Godefroid akaingiza kichwa ili amwone mchawi huyo kwa macho yake mwenyewe.

Mbele ya mikro, akifanya mazoezi kabla ya kipindi, alikuwa amesimama Mama Mado, vidole viwili vimebana pua.

Mama Mado wake! Yaani, si wake. Na hapo ndipo ilipo shida yote.

Kwa nyinyi ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa samaki kabla hamjalisoma: Papa Godefroid ni mstaafu wa reli, mjane, mwenye sauti nzito ya besi kwenye kwaya ya parokia. Alimposa Mama Mado, mjane mwenzake, fundi wa nguo za harusi huko huko Kamalondo. Mama Mado hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alicheka tu, akasema, “Siku Mwansa ataoa Virginie kwa redio, njo siku nitakujibia.”

Mwingine angejua ametaniwa. Papa Godefroid alinunua betri mpya.

Tangu hapo amekuwa akisikiliza kila kipindi kama mtu anayengoja treni iliyochelewa. Na kila dimanche, baada ya misa, huenda kwa Mama Mado wakasikilize marudio pamoja. Yeye humtukana Tantine Hortense, Mama Mado hukoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kusema polepole, “Pengine naye iko na sababu yake.”

Na samedi je? Samedi Mama Mado huwa hayupo nyumbani. Huwa kwenye kikundi cha maombi.

Kumbe kikundi chenyewe ndicho hiki.

Vidole vikashuka puani. “Papa Godé!” akasema Mama Mado. Lakini kwa kuchanganyikiwa, maneno yalitoka bado na sauti ya Hortense.

“Usiniite na ile sauti!”

Akakohoa, akairudisha yake. “Papa Godé. Unafanya nini hapa?”

“Nani kati yetu anapashwa kuuliza? Si ulisema samedi unaendaka kwa maombi?”

“Tunaanzaka na maombi,” akajibu Mama Mado kwa upole.

Papa Godefroid akaingia mzima. “Yote ile miaka nilimutukana ule mwanamuke mbele yako! Nilisema roho yake ni jiwe. Nilisema ata mbuzi haiwezi kumupenda!”

“Nilisikia.”

“Na ukanipakulia tena sombe!”

“Ulikuwa unamutukana muzuri sana, Papa Godé. Njo nilijua kama nacheza bien.”

Masharubu ya Papa Godefroid yakatetemeka. Cheko lilikuwa linamjia, alilisikia likipanda kutoka tumboni, na kama lingefika juu hadithi yetu ingeishia hapa, nanyi mngerudi kwenye kurasa za michezo. Lakini mlango wa ndani ukafunguka kwa kishindo.

Alikuwa Monsieur Caleb, mwandishi wa mchezo, mwembamba kama antena, kalamu sikioni.

“Njo huyu?” akauliza akimzunguka Papa Godefroid. “Njo huyu balitutumia? Papa, sema kintu, nisikie sauti.”

“Kintu gani?”

“Aksanti Mungu! Hiyo hiyo! Mwenye anacheza Tonton Célestin iko na mafua, sauti imekufa kabisa, na tunaingia hewani sasa hivi.”

“Mi siko muchezaji,” akasema Papa Godefroid akijivuta koti. “Niko musikilizaji. Nimekuya na malalamiko.”

Caleb akashusha mabega. “Mwansa na Virginie?”

“Mwansa na Virginie.”

“Papa, kila muntu analia juu ya ile. Juzi mwenye kuninyoa alikataa kunimaliza upande wa pili mpaka nimwambie kama bataoana. Angalia!” Akageuza kichwa. Kweli, upande mmoja ulikuwa na nywele.

“Sasa juu ya nini haubaoleshe? Munataka ule mutoto azeeke? Munataka na siye tuzeeke?”

Caleb alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka huropoka. “Lakini nilishaandika ile mariage, papa! Mbele ya sikukuu ya Noël. Gâteau, kwaya, kila kintu. Njo Mama Mado hapa akaniomba, asema, ‘Monsieur Caleb, pole, usibaoleshe kwanza.’”

Alipomaliza akaona macho ya Mama Mado, akajua amekanyaga kitu kisichokanyagwa.

Masharubu yakatulia.

“Njo kweli?” akauliza Papa Godefroid.

“Papa Godé, leka nikuambie…”

“Njo kweli ao si kweli?”

Mama Mado akatazama viatu vyake. “Njo kweli.”

Papa Godefroid hakupiga kelele. Kelele angejua la kufanya nazo. Alisimama tu pale, akajiona kwenye kioo cha studio: mzee aliyevaa koti la misa siku ya samedi, aliyepanda ngazi zote zile kwenda kugombana na watu wa hadithi. Kumbe kila dimanche alipokuwa akiuliza redio, jibu lilikuwa jikoni, limeshika mwiko.

“Mama,” akasema, “ungesema hapana. Hapana ni neno ya mufupi. Ningeisikia, ningelia kwangu, ningepona.”

Akageuka, akatoka.

Alikuwa ameshashuka sehemu ya ngazi pale Caleb alipomfikia, akihema, karatasi mkononi.

“Papa, nisaidie. Mji muzima unangoja.”

“Utafute mwengine.”

“Sina mwengine! Na maneno ni kiloko tu, ya mufupi. Tonton Célestin, mujomba ya Mwansa, anaenda kwa Tantine Hortense kumuposea. Anauliza, banamukatala, anarudi kwake. Basi.”

Papa Godefroid akasimama.

“Anauliza, banamukatala, anarudi kwake?”

“Njo vile.”

“Ile naijua bila karatasi,” akasema Papa Godefroid, na akaanza kupanda tena.

Wakamvika kaske masikioni. Wakamsimamisha mbele ya mikro, ana kwa ana na Mama Mado. Mama Mado akamtazama. Yeye akatazama karatasi. Nyuma ya kioo fundi wa mitambo akainua mkono, muziki ukapungua, taa nyekundu ikawaka.

“Yambo, Hortense,” ikasema besi ya Papa Godefroid, na sauti ile ikakijaza chumba kama inavyolijaza kanisa. Fundi akainua kidole gumba. “Nimekuya juu ya mutoto wetu Mwansa.”

Mama Mado akabana pua. “Mwansa yupi? Ule ule?”

“Ule ule. Amengoja sana. Amekonda. Nakuomba, umufungulie mulango.”

“Célestin, rudi kwako. Mi nakatala.”

Kwenye karatasi, hapo Tonton Célestin anaguna, anachukua kofia, anaondoka. Fundi alikuwa tayari na mlango wake mdogo wa mbao, ule wa kuigizia sauti. Akaubamiza: paa!

Papa Godefroid akaweka karatasi chini.

“Siende,” akasema.

Mji mzima ukasikia mlango umefungwa na Tonton Célestin bado yumo ndani.

“Célestin!” Mama Mado akasema kwa ukali. “Nilisema uende.”

“Nimeenda mara mingi. Leo nakaa. Leka nikuulize kintu kimoja, Hortense. Unaogopa nini?”

Caleb akapitisha kidole shingoni kumwambia fundi akate. Kisha akaanza kufunua karatasi zake haraka haraka akitafuta mstari huo, ingawa yeye ndiye aliyeziandika.

“Siogope kintu,” ikajibu sauti ya puani, lakini haikuwa kavu tena.

“Unaogopa. Muntu mwenye hataki, anasema hapana, anafunga mulango, anaenda kulala. We unafunga mulango, kisha unabakia nyuma yake, unasikiliza kama nimeenda.”

Kule mtaa wa Kenya wa mji huo huo, sokoni, muuza michopo ya nyama aliacha kupepea moto. Kwenye saluni moja ya katikati ya mji, mwanamke aliyekuwa anasukwa aliinua mkono, na wasukaji wote wakasimamisha vidole kichwani mwake.

Vidole vya Mama Mado vikashuka polepole kutoka puani. Alipoongea, Hortense hakuwepo.

“Bwana yangu alikufa,” akasema. “Mbele tumalize kilio, bandugu yake balikuya. Balichukua kitanda. Balichukua mashini yangu ya kushona. Ata mbabula, Célestin. Ilikuwa na makala ya moto ndani, nilikuwa napikia bageni ba kilio. Balibeba vile vile na moto. Balisema, hii nyumba ni ya ndugu yetu, we ni mugeni hapa. Njo siku nilijua kama yote ile miaka nililala kwa nyumba ya bantu.”

Mama Mado akashika pindo la kitenge chake.

“Nikaanza upya. Nikashonea batoto ba bantu robe za harusi, mpaka nikapata kanyumba. Kadogo. Mvua ikinyesha, kanaingiza mayi. Lakini ni kangu. Nikisema kiti ikae pale, inakaa pale. Sasa muntu muzuri anakuya, asema, kuya tuishi kwangu. Nikikubali, niko mugeni tena. Nikikatala, namupoteza. Njo nikasema tungoje. Nilijua siko muzuri. Nilitaka tu tungoje.”

Papa Godefroid alinyamaza. Redioni, kimya ni kitu cha kutisha. Fundi akapeleka mkono kwenye kitufe cha muziki. Caleb, ambaye dakika iliyopita alitaka kila kitu kikatwe, akaupiga mkono ule ukarudi.

“Nani alisema uhame?” akauliza Papa Godefroid.

“Eh?”

“Naulizaka tu. Ulisikia kwa kinywa ya nani kama we njo utahama?”

“Lakini… njo vile bantu banafanyaka.”

“Mi niko na kiti moja ya kupumuzikia, redio, na mabati mazuri yanalala bule nyuma ya nyumba. Ile mabati inatosha juu ya kanyumba kako. Mi njo nitahama.”

“Mwanaume kuhamia kwa mwanamuke? Bantu batacheka!”

“Bacheke. Banacheka tayari. Avenue nzima inajua kama napikiwa sombe na sijibiwe.”

Mama Mado akacheka. Cheko lilitoka pamoja na machozi, likaingia lote kwenye mikro, likaenda hewani. Ndipo alipokumbuka taa nyekundu. Akamtazama Caleb. Caleb alikuwa ameunganisha viganja kama anayesali, na mpaka leo hajatuambia kama alikuwa anaomba ndiyo au anaomba hapana.

Mama Mado akafuta uso kwa pindo la kitenge. Akabana pua.

“Célestin,” akasema Tantine Hortense. “Umwambie Mwansa alete bazazi yake. Nimekubali.”

Dirisha la studio lilikuwa limefungwa, lakini kelele ilipita. Kwanza honi moja barabarani. Kisha honi za taxi zote za katikati ya mji. Mlinzi wa duka la ng'ambo alikuwa anapiga lango la chuma kwa rungu lake, na mama mmoja aliyekuwa anauza vitunguu akapiga vigelegele mpaka akapiga magoti.

Fundi akaweka wimbo. Taa nyekundu ikazimika. Caleb akakaa chini sakafuni.

“Mwansa na Virginie,” akanong'ona, “njo balikuwa banalisha batoto yangu. Sasa samedi ijayo nitaandika nini? Banakula gâteau? Na samedi ingine? Banaosha sahani?”

Papa Godefroid alikuwa amevua kaske, amesogea karibu na Mama Mado, na ile sauti iliyojaza mji mzima sasa ilikuwa ndogo kabisa.

“Bon. Hortense amekubali. Sasa nataka jibu ya Mado.”

Mama Mado akakunja mikono. “Nilisema siku Mwansa *ataoa*. Leo ni kukubali tu. Harusi bado. Kuko bazazi, kuko mapatano, kuko robe ya kushona…”

Uso wa Papa Godefroid ulianguka kiasi kwamba hata fundi nyuma ya kioo alimwonea huruma.

Mama Mado akamshika mkono wa koti. “Nakuchekesha, Papa Godé. Ndiyo.”

“Ndiyo nini? Useme yote.”

“Ndiyo, nakukubali. Ulete mabati mbele ya mvua. Na ile kiti yako, tutaona kama inapita kwa mulango.”

Sasa mnadhani hapo ndipo walipokumbatiana. Walikuwa wanakaribia! Lakini simu ya studio ililia. Kabla haijaitikiwa ikalia na ya pili, na ile ya Caleb mfukoni, na ya fundi. Caleb akainuka sakafuni kama aliyefufuka.

“Basikilizaji!” akasema. “Hatujapataka simu mingi hivi! Tunarudi hewani, tunarudi, weka ule wa kwanza, weka yeyote!”

Taa nyekundu ikawaka tena. Sauti ya mwanamke ikaingia, kali, yenye upepo ndani yake.

“Allô? Munanisikia? Mi ni Régine. Niko Mitwaba, nasikilizia kwa telefone.”

“Karibu sana, Mama Régine!” Caleb akapaza sauti. “Utuambie, ulimusikia Tonton Célestin? Unasema nini juu yake?”

“Ule si Tonton Célestin. Ule ni papa yangu.”

Papa Godefroid akapapasa nyuma yake akitafuta kiti. Hakukuwa na kiti.

Hatujawahi kuwaambia habari za Régine, na sababu ni kwamba hata Papa Godefroid mwenyewe hakupenda kuzifikiria. Ni binti yake wa kwanza. Ana duka la unga kule Mitwaba, na kwa simu yake huendesha ukoo mzima: nani abatizwe lini, nani apatane na nani. Na katika miaka yote hii ya kuposa, baba yake hakumwambia neno. Alitaka kwanza apate jibu.

“Papa, najua uko pale. Nasikia vile unapumua.”

“Yambo, Régine,” akasema Papa Godefroid.

“Ulisema unahama? Nyumba ya mama unamuachia nani? Unataka kuoa, na batoto yako banasikilia kwa redio, pamoja na bantu ba soko? Niko na bakiliya ba duka hapa mbele yangu, Papa! Banani-félicité, bananipa hongera!”

“Régine, leka nikueleze…”

“Unieleze kintu kimoja tu. Ule mama njo nani?”

Ilikuwa rahisi kujibu. Angesema ni Mama Mado, fundi wa nguo, mtu wa heshima, Mkristo, jirani. Maneno yote hayo Papa Godefroid alikuwa nayo, ameyapanga tangu zamani kwa ajili ya siku kama hii. Lakini mikro ilikuwa mbele yake, Caleb anamkodolea macho, mji mzima unasikiliza, na maneno yakamkimbia yote kwa pamoja. Likabaki moja tu.

“Ni… njo Tantine Hortense,” akasema.

Mama Mado akafunika uso kwa mikono.

Kule Mitwaba, kwa nyuma, sauti za wateja zikaanza kurudia jina hilo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopashana habari ya msiba.

“Hortense?” akasema Régine. “Papa. Unaoa *Tantine Hortense*?”

“Hapana, mutoto yangu, eko muzuri, ule wa redio ni ya uwongo, huyu…”

“Usieleze. Nimefunga duka. Kesho asubui naingia kwa gari, nakuya Lubumbashi. Na sikuye peke yangu, Papa.” Akavuta pumzi, na mji mzima ukavuta naye. “Nakuya na batantine bote.”

Simu ikakatika.

Caleb aliichomoa kalamu sikioni polepole sana, akaanza kuandika.

Mama Mado akatoa mikono usoni. Akatengeneza kitenge chake kiunoni, akakifunga fundo la nguvu.

“Papa Godé,” akauliza, “ile batantine, beko bangapi?”

Papa Godefroid akaanza kuwahesabu kwa vidole, akinong'ona majina. Akamaliza mkono wa kwanza. Akaanza wa pili.